Anwani ya Mteja ni Amana



Si zamani sana, kijana mmoja wa mtaa wetu alitujia jioni, uso wake umeinama. Ameajiriwa katika duka la vipuri vya pikipiki, na kazi yake ni kuandika matangazo. Mwenye duka alikuwa amemkabidhi orodha ya anwani za barua pepe zipatazo 1,200 na kumwagiza awape watu wote habari za bei mpya siku ile ile. Kijana akazipanga anwani zote katika mstari mmoja, mahali ambapo kila mpokeaji anawaona wenzake wote, kisha akatuma. Kabla jua halijatua, mteja mmoja alijibu kwa hasira, na jibu lake likawafikia wote. Wengine wakaandika wakiomba majina yao yafutwe. Maombi yao nayo yakawafikia wote. Siku ya tatu duka jingine, linalouza bidhaa zile zile, lilianza kuwaandikia wateja hao hao.

Mwenye duka alimlaumu kijana kwa kosa la kidole. Nasi twakiri kwamba kidole kilikosa: anwani za watu wengi huwekwa katika sehemu ya nakala fiche, ili mmoja asimwone mwingine. Lakini tulipomwuliza orodha ile ilitoka wapi, tuliona kwamba kosa lilizaliwa mapema zaidi. Sehemu yake ilikuwa ya wateja kweli, walioacha anwani zao ili watumiwe hati ya malipo. Sehemu nyingine ilinakiliwa kutoka karatasi ya mahudhurio ya mkutano fulani. Nyingine ilinunuliwa kwa mtu asiyejulikana. Basi wengi wa wale 1,200 hawakuwa wateja. Walikuwa watu walioingiliwa nyumbani bila hodi.

Kwetu sisi, mtu akifika kwa jirani hubisha hodi na kungoja. Akikaribishwa, huingia, asipojibiwa, hubisha tena, akinyamaziwa mara ya tatu, hurudi zake wala hakasiriki. Hakuna aliyewahi kutufundisha kwamba kwa kuwa mlango haukufungwa kwa kufuli, basi ni halali kuingia. Anwani ya mtu ni mlango wake. Kuijua si kukaribishwa.

Jambo hili si geni duniani. Mwezi wa tano mwaka 1978, Gary Thuerk, aliyekuwa mwuzaji wa kampuni ya Digital Equipment Corporation huko Marekani, aliwatumia watu karibu 400 tangazo la mashine mpya za kompyuta. Walikuwa watumiaji wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti ya leo, na anwani zao zilichukuliwa katika kitabu kilichochapishwa kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Malalamiko yalikuwa mengi, na wasimamizi wa mtandao wakamkanya. Hata hivyo, yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba tangazo lile lilileta mauzo ya mamilioni ya dola.

Hapo ndipo hoja ya wafanyabiashara inaposimama, na haifai kuidharau. Wanatuambia: "Duka dogo halina fedha za redio wala za mabango. Barua pepe ni ya bei nafuu. Kati ya watu elfu, wakinunua watano tu, tumepata." Ni kweli kwamba biashara isiyojulikana hufa, na tunajua ni nyumba ngapi zinazokula kwa duka kama lile. Lakini tuulize: nafuu hiyo inalipwa na nani? Katika miji yetu mtu hununua mega kwa fedha yake, mara nyingi kidogo kidogo, za siku moja. Kila tangazo asiloliomba hula sehemu ya alichonunua, na hula pia dakika zake. Faida ya watano imebebwa na wale 995, wala hakuna aliyewauliza.

Isitoshe, hesabu yenyewe imebadilika. Tangu mwezi wa pili mwaka 2024, Google na Yahoo wanawadai watumaji wakubwa, na kwa Google hao ni wale wanaopeleka zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenye Gmail, wathibitishe kwamba barua zinatoka kwao kweli, na waweke njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja tu. Tena malalamiko ya wapokeaji yasifike asilimia 0.3, yaani watu watatu kati ya elfu. Duka la mtaani halifikii idadi hiyo ya barua, lakini kipimo chafaa kukumbukwa. Anwani inayolalamikiwa sana huharibikiwa sifa. Barua zake hutupwa kwenye taka kabla ya kusomwa, hata zile za mteja aliyeomba bei kwa hiari yake. Ndivyo mwenye haraka anavyojifungia mlango mwenyewe.

Sheria nazo zimesogea. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 haimlazimishi mtumaji kuomba ruhusa kwanza, ila inamkataza kudanganya katika kichwa cha barua, na inamdai amheshimu anayetaka kujiondoa. Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2002, unadai ridhaa itangulie, isipokuwa kwa mteja aliyekwisha kununua bidhaa za namna hiyo, naye apewe kila mara nafasi ya kukataa. Kwetu Kongo, sheria ya mambo ya dijitali ya mwaka 2023 imeweka ulinzi wa habari za mtu binafsi. Anwani si vumbi la njiani ambalo kila apitaye aweza kulizoa.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi daftari la wateja na liwepo, lakini liandikwe kwa haki. Kila anwani iwe na neno kando yake: ilipatikana lini, na mwenyewe alikubali kupokea nini. Aliyeiacha kwa ajili ya hati ya malipo aulizwe kwanza kama anataka matangazo pia. Barua iseme wazi inatoka kwa nani na inauza nini. Anayetaka kutoka atoke siku hiyo hiyo, bila kudaiwa sababu. Na orodha isiuzwe, wala isiazimwe, hata kwa rafiki.

Kijana wetu aliyapeleka maneno haya kwa mwenye duka, akijua kwamba angeweza kupoteza kazi. Walipoipitia orodha pamoja, walibaki na anwani 310 ambazo walijua asili yake. Watu hao wakaandikiwa, mmoja mmoja, barua fupi ya kuomba radhi pamoja na swali: je, mngependa tuendelee? Mwenye duka bado ananung'unika kwamba amepoteza watu 890. Sisi twasema hakupoteza hata mmoja, kwa maana hakuwa nao.

Wengi wenu mtapewa kazi ya namna hii kesho, kwa kuwa ninyi ndio mnaozijua mashine hizi kuliko wakubwa wenu. Mtakapokabidhiwa orodha, ulizeni kwanza: watu hawa walitukaribisha lini? Na katika kikundi chenu jadilianeni: kijana asiye na kazi nyingine afanye nini, bwana wake akikataa kujibu swali hilo?