MPANGO WA KUFUFUA UCHUMI UMHESABU NA KIBARUA



Maradhi ya Korona yaliingia Kenya mwezi wa Machi 2020, na mwezi wa Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura imekwisha. Lakini hesabu yake kwetu haijakwisha. Twaandika habari hii, wala si kwa kulilia yaliyopita, bali kwa sababu balaa nyingine itakuja siku moja, na Serikali itaandika mpango mwingine wa kufufua uchumi. Twataka mpango huo usimsahau mtu wa Mishomoroni.

Kwanza tuseme haki. Serikali haikukaa bure. Tarehe 25 Machi 2020 Rais Kenyatta alitangaza kwamba mtu apataye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi hatakatwa kodi ya mapato, na VAT ikashushwa kutoka asilimia 16 hadi 14. Tarehe 23 Mei ukaja mpango wa shilingi bilioni 53.7, wa barabara, walimu, afya, kilimo, viwanda na utalii. Ye yote asemaye kwamba hakuna lililofanywa hasemi kweli.

Lakini tuulize, yalimfikia nani? Msamaha wa kodi ni wa mtu mwenye mshahara. Aliyepoteza kazi asamehewe kodi gani? Na kibarua wa hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu, ambaye jina lake halimo katika daftari ya mishahara, alipata nini? Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii kama milioni 2. Mwaka 2020 hawakufika 600,000. Tangu tarehe 8 Aprili hadi mapema Julai mwaka ule Mombasa ilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka, na usiku ni kafyu. Hoteli zikafunga milango. Mpishi, dobi, weita na mtunza bustani wakarudi nyumbani mikono mitupu, na baada yao wakakosa mama muuza mahamri, mwenye tuktuk, na mwenye nyumba aliyengoja kodi yake. Hesabu ya Serikali yenyewe yasema kwamba nchi nzima ilipoteza kazi zaidi ya 700,000 mwaka huo.

Vijana wa mitaa walipewa Kazi Mtaani, kufagia na kuzibua mitaro kwa shilingi 455 kwa siku. Ilisaidia, lakini ilikuwa kazi ya zamu na ya muda. Wenye hoteli nao walitengewa shilingi bilioni 2, mikopo nafuu ya kutengeneza majengo. Hatukatai, maana hoteli ikifa na kazi imekufa. Ila ukuta uliopakwa rangi hauna watoto wa kulisha.

Kisha yakaja malipo. Tarehe 1 Januari 2021 VAT ilirudi asilimia 16. Ule msamaha wa shilingi 24,000 ulibaki, nasi twashukuru. Lakini tangu hapo mshahara umekatwa asilimia 1.5 ya nyumba, na tangu Oktoba 2024 asilimia 2.75 ya bima ya afya badala ya makato ya zamani. Si yote ni deni la Korona, lakini yote yatoka katika mfuko mmoja, nao ni wa mfanya kazi.

Jambo hili si geni Mombasa. Baada ya Vita Vikuu vya Pili bei zilipanda na mishahara ikabaki nyuma. Mwezi wa Januari 1947 wafanya kazi wapatao 15,000 waliacha kazi, wakakutana Kiwanja cha Maskini. Ndipo Serikali ilipomweka Jaji Thacker kusikiza madai yao, na mishahara ikaongezwa. Hawakusikizwa mpaka waliposema kwa sauti moja.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, vyama vya wafanya kazi viwepo mezani mpango unapoandikwa, visiitwe kusomewa tu. Pili, fedha yo yote ya umma anayokopeshwa tajiri ifungwe kwa sharti lililo wazi: wafanya kazi wa zamani warudishwe kwanza. Tatu, uwekwe mfuko wa kumlipa mfanya kazi aliyeachishwa kazi kwa sababu ya balaa, maana mwaka 2020 hatukuwa nao.

Nasi tuna wajibu wetu. Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 37, yampa kibarua afanyaye kazi mfululizo mwezi mzima haki ya kuhesabiwa kuwa mtu wa mwezi. Kifungu cha 40 chasema anayepunguzwa kazini alipwe siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotumika, na chama chake kipewe notisi ya mwezi mmoja. Lakini haki hizi zataka ushahidi. Kila mwanachama aweke karatasi zake za mshahara, aandike siku anazofanya kazi, na amlete chamani kibarua mwenzake. Asiyeandikwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hagawiwi.

Umoja ni nguvu.