Ukulima: Nyigu Mdogo na Funza wa Mahindi

Mkulima wa Mamboleo, hapo Kisumu kwenye njia iendayo Kakamega, aonapo moyo wa muhindi umekauka huuvuta, nao humjia mkononi bila taabu. Hapo hujua kuwa funza amekwisha ingia. Lakini ni funza yupi? Hilo ndilo neno kubwa.

Katika mahindi na mtama wa pande za Ziwa, funza wawili ndio wenye sifa mbaya zaidi. Busseola, mwenye rangi ya waridi iliyofifia, ni mwenyeji wa Afrika. Chilo, mwenye mistari na madoa ya hudhurungi mgongoni, ni mgeni kutoka Asia; alionekana Malawi karibu na mwaka 1930, kisha akaenea katika nchi za chini zenye joto, huku adui zake wamebaki kwao.

Ndipo wataalamu wa ICIPE, chuo cha utafiti wa wadudu alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970 na chenye kituo Mbita ufukoni mwa Ziwa, walipoleta kutoka Pakistani nyigu aitwaye Cotesia flavipes. Mwaka 1993 aliachiliwa mashambani pwani ya Kenya, akashika makazi. Siku hizi hupatikana hata magharibi ya nchi.

Huyu si nyigu aumaye watu. Urefu wake hauzidi milimita 3. Jike hufuata harufu ya kinyesi cha funza penye tundu la bua, huingia gizani, humchoma funza na kumtia mayai yapatayo 40. Mara nyingi funza humng'ata akafa mle mle, lakini amechelewa. Watoto wa nyigu humla kutoka ndani, na baada ya siku 12 hivi hutoka wakafuma vifuko vyeupe vidogo kuliko punje za mchele. Asiyejua huviponda akidhani ni mayai ya funza!

Kwa Busseola nyigu huyu hafai kitu, maana damu ya funza huyo huyazingira mayai yakafa. Adui wa Busseola ni nyigu mwenyeji, Cotesia sesamiae. Na hata huyo, wa Kitale hufaulu, wa Mombasa hushindwa.

Basi yafaa bua lipasuliwe na funza atazamwe kabla ya kununua dawa. Dawa inyunyizwayo funza akiwa amekwisha zama ndani haimpati tena, bali humpata nyigu atembeaye juu ya bua akitafuta mlango.