Barua ya Wakili Haijibiwi kwa Kimya

Kijana wa nyumbani, wewe uliyesoma, hii inakuhusu wewe kuliko babako.

Kesi ya ardhi imefunguliwa. Wakili wa upande wa pili ameandika: leteni tuone karatasi mnazotegemea. Hati, makubaliano ya kununua, ramani ya mpimaji, risiti. Nyumbani jibu ni moja: "Sisi tumezaliwa hapa, mtaa mzima wajua. Yeye ni nani tumwonyeshe?" Barua inapanda juu ya kabati. Ya pili vilevile.

Heshima yangu kwa wazee, lakini hapo ndipo nyumba inapoanza kuondoka.

Kesi ya ardhi si sinema, eti mtu anaibuka na karatasi siku ya mwisho na jaji anashangaa. Kanuni za kesi za madai za 2010 zinamtaka anayejibu kesi aweke nakala za karatasi zake pamoja na utetezi. Na jaji ana nguvu ya kuamuru upande wowote utoe stakabadhi ulizonazo. Ukinyamaza, wakili yule anaenda kuomba amri hiyo, na gharama unaweza kubebeshwa wewe. Amri ikishatoka hubishani tena na jirani, unabishana na mahakama. Baya zaidi: karatasi uliyokataa kuitoa unaweza kuzuiwa kuitumia mwenyewe baadaye, na jaji anaruhusiwa kudhani umeificha kwa sababu inakuumiza.

Chukua nyumba zetu za Mombasa, zile za nyumba bila ardhi. Jengo ni lako, kiwanja ni cha mtu, unamlipa kodi ya ardhi anakukatia risiti. Wako wanaoficha risiti hizo ili wadai wamekaa miaka 12 bila kuguswa, kwa hivyo kiwanja ni chao. Jamani, mwenye kiwanja ana nakala! Aliyelipa kodi amekaa kwa ruhusa, na dai la miaka 12 halisimami juu ya ruhusa. Umepoteza hoja, na jaji hakuamini tena hata ukisema kweli. Na risiti hizo hizo zingeweza kusaidia kuonyesha kwamba mwenye ardhi alijua jengo ni lenu.

Tena usidhani karatasi humbana mnyonge tu. Mwaka 2023, katika kesi ya Dina Management na serikali ya kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu ilisema hati peke yake haitoshi kama ilivyopatikana mwanzo ni kinyume cha sheria. Kampuni ilikuwa na hati, ikashindwa. Kwa hivyo nawe una haki ya kuuliza: hati hii umeitoa wapi, nani alikuuzia, yeye alipewa na nani? Lakini utadaije karatasi za mwenzio na zako umezikalia?

Pwani tumeshalipia kimya. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilitaka watu wapeleke madai yao, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali ya Mwingereza.

Basi shusha hiyo barua leo. Andika tarehe mliyoipokea. Kusanya kila karatasi, hata iliyoliwa na mchwa, upige picha, umpelekee wakili. Kama pesa hakuna, jaribu Kituo Cha Sheria, wana ofisi Mombasa. Si kila kitu hutolewa: mliyoandikiana na wakili wenu ni siri yenu. Na karatasi ambayo hamna, semeni kwa kiapo kwamba hamna, kisha mkaitafute nakala kwa msajili wa ardhi.