Kanuni za Usalama Zisibadilishwe Kimyakimya



Kanuni inayolinda uhai wa mfanyakazi ni mali ya nani? Twauliza kwa sababu ya shauri la reli lililoamuliwa nchini Marekani, lenye mafunzo kwa kila apendaye haki.

Tarehe 6 Julai 2013, treni ya mafuta ghafi iliyoachwa bila mtu mteremkoni ilishuka yenyewe hadi mji wa Lac-Mégantic, Kanada, ikaacha reli na kulipuka. Watu 47 walipoteza maisha. Dereva alikuwa peke yake kazini. Breki za mkono alizozifunga hazikutosha. Sababu za ajali zilikuwa nyingi, lakini swali moja lilibaki: je, yafaa treni yenye shehena ya hatari kukabidhiwa mtu mmoja?

Mwaka 2016 idara inayosimamia usalama wa reli Marekani ilipendekeza kanuni ya watu wawili. Mei 2019 ikaliondoa pendekezo hilo, na papo hapo ikayazuia majimbo kutunga sheria zao. Juu ya zuio hilo wananchi hawakuarifiwa wala kuulizwa. Vyama vya wafanyakazi wa reli na majimbo matatu vilikwenda Mahakama ya Rufaa. Februari 2021 ombi la vyama lilitupwa, kwa kuwa mahakama hiyo haikuwa mahali pake kisheria. La majimbo likakubaliwa, na uamuzi wa idara ukabatilishwa. Aprili 2024 idara hiyohiyo ilitoa kanuni ya kudai watu wawili katika treni nyingi.

Makampuni husema kuwa mitambo ya kisasa yatosha. Hoja hiyo ina haki ya kusikilizwa. Lakini isikilizwe hadharani, mbele ya wale watakaozikwa endapo hesabu ni potofu.

Ndiyo maana Papa Leo wa XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alitetea vyama vya wafanyakazi. Navyo pia havitoshi peke yake: vilipofungiwa mlango, wenzao walikwisha kuingia. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Viongozi wa walei, itangazwapo rasimu ya kubadili kanuni za kazi, migodi au usafiri, isomeni. Waulizeni wanaoifanya kazi hiyo. Andikeni maoni kabla ya siku ya mwisho. Tusingoje kuhesabu maiti ndipo tuulize nani aliamua.