MFALME HAKUOMBA RADHI



Tarehe 31 Oktoba 2023, hapa Nairobi, Mfalme Charles alisema maovu ya ukoloni hayana udhuru. Radhi hakuomba. Siku ya pili yake Rais wa Ujerumani, Steinmeier, aliomba msamaha kule Songea kwa damu ya Maji Maji.

Mjerumani alinyang'anywa makoloni yote 1919, na tangu 1945 amezoea kutubu. Mwingereza alitawala wengi mno. Akimwomba radhi mmoja, wengine watapanga foleni kama dirishani pa tikiti. Mwaka 2013 alitoa pauni milioni 19.9 kwa wazee wetu 5,228, gharama za kesi zikiwamo, akasikitika, dhima akaikana.

Eastlands, ambako wafanya kazi walizolewa kwa maelfu Aprili 1954, twataka neno lenyewe. Chama kimwandikie Balozi wake.