Anayebaki Naye Ana Haki ya Habari

Neno ng'ambo kwa mtu wa Lulindi halikuanza na ndege. Ng'ambo ya kwanza ilikuwa ng'ambo ya Mto Ruvuma, ambako watu wengi wa Masasi na Newala wana ndugu zao wa damu hata leo. Baadaye vijana walikwenda Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba. Na ingawa Tanga si nchi ya kigeni, kwa mama aliyebaki ilikuwa mbali kama ng'ambo yoyote. Siku hizi twasikia Muscat, Dubai, London, Toronto. Safari zimerefuka, na wanaokwenda ni wengi, wanaume kwa wanawake.

Leo twapenda kusema juu ya habari baina ya msafiri na wale aliowaacha nyumbani. Vyombo vya kupelekea habari vimekuwa rahisi kupita wakati wowote uliotangulia. Lakini mzee aliyebaki kijijini, tukimsikiliza vizuri, atatuambia kwamba asikia machache juu ya mwanawe kuliko yale aliyosikia babu yake zamani za barua. Jambo hili lastaabisha, na yafaa tulitazame kwa makini.

Wasomaji wenye umri wakumbuka jinsi barua ilivyokuwa ikifika. Haikuja mlangoni mwa mtu. Ilikuja katika sanduku la posta la misheni, au la shule, au la chama cha ushirika, na juu ya bahasha jina la mwenyewe lilifuatwa na maneno "kwa mkono wa mwalimu fulani". Mama asiyejua kusoma alikwenda kwa mwalimu huyo, akaketi, akasomewa. Majirani nao waliketi. Salamu zilikuja kwa taratibu: mjomba kwanza, kama ilivyo haki yake kwetu sisi tunaohesabu ukoo kwa upande wa mama, kisha mama mwenyewe, kisha shangazi na ndugu, kila mmoja kwa jina lake. Aliyetajwa aliitikia, kana kwamba msafiri amesimama mbele yake. Waliochelewa walisomewa mara ya pili, na siku ile ile jibu likaandikwa.

Hatusemi kwamba barua ile haikuwa na ubaya. Haikuwa na siri; kijana aliyekuwa na neno la ndani kwa mkewe alilazimika kulifumba ili mwalimu asilielewe, na pengine mke naye asilielewe. Tena ilichelewa mno. Askari wa Afrika Mashariki waliopigana Burma mwaka 1944 katika Divisheni ya 11 waliandika barua ambazo zilisomwa kwanza na wakaguzi wa jeshi, ndipo zikavuka bahari. Lakini habari ikishafika ilikuwa mali ya wote waliohusika.

Mambo haya ni ya zamani katika nchi yetu hii. Askofu Steere alipofika Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, wale waliokuja naye walikuwa wameachana na ndugu zao pasipo kuagana. Cecil Majaliwa, Myao aliyetoka utumwani akafunzwa Unguja na kisha Canterbury, Uingereza, alipewa upadri mwaka 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika katika misheni ile, akafanya kazi Chitangali. Na mwaka 1888 misheni hiyo hiyo ilianzisha Unguja gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi, lenye habari za vituo vya misheni vilivyotawanyika, visiwani na bara. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba gazeti la Kiswahili lilipokuwa changa, kazi yake mojawapo ilikuwa hii hii tunayoizungumzia leo: kumwambia aliye mbali kwamba fulani yu hai, na fulani ameoa, na fulani ametangulia mbele ya haki.

Sasa tutazame leo. Simu imefika kila kijiji. Lakini ni simu ya nani? Mama ana simu ndogo ya vitufe, ile waiitayo kitochi, isiyo na WhatsApp, na aghalabu imezimika kwa kukosa chaji. Mwenye simu kubwa ni mjukuu, au mpwa aliyemaliza shule. Huyo ndiye azungumzaye na msafiri. Huyo ndiye aonaye picha za nyumba ya huko, za theluji, za mtoto aliyezaliwa. Jioni hupita kwa bibi akasema maneno mawili: "Mjomba anawasalimia." Bibi huitikia, "Marahaba," na habari imekwisha. Barua ilisomwa mbele ya watu kumi. Simu yatazamwa na macho mawili. Hapo ndipo habari inapopotelea, hatua chache kutoka mlangoni mwa mama, baada ya kuvuka bahari salama.

Kisha kuna habari ya fedha. Tangu M-Pesa ianze Tanzania mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, shilingi hutoka upande mmoja wa dunia zikaingia katika simu ya mama kabla maji hayajachemka. Jambo hili ni jema na hatuna la kulilaumu. Fedha hizo zimeezeka nyumba kwa mabati na kulipa matibabu ya wengi. Lakini fedha huja na ujumbe wa kampuni, wenye namba ndefu na salio, usio na salamu hata moja. Msafiri hudhani amekwisha timiza wajibu wake. Mama hujua kwamba mwanawe ana kazi, lakini hajui kama amepona ile homa, wala kama bado asali, wala kama amepata mwenzake. Fedha humjulisha kwamba yu hai, basi.

Nasi tukisema hivyo hatuna budi kuwageukia walio nyumbani. Msafiri naye ana kilio chake. Kila simu inayotoka kijijini huanza na hodi na kuishia na ombi: ada, mbolea, bati, arusi ya mtu asiyemjua. Mara nyingine haiwi hata simu. Anabipiwa tu, kisha kimya, ili yeye ndiye atumie vocha yake. Mtu anayesafisha vyumba vya wagonjwa usiku kucha katika nchi ya baridi, akiona namba ya nyumbani asubuhi, moyo wake hushtuka kabla haujafurahi. Baadhi yao huacha kupokea. Twawaomba wazazi na ndugu wapige simu mara moja moja bila ya kuomba kitu, wamweleze tu kwamba mvua imenyesha na mkorosho ule wa nyuma ya nyumba umechanua.

Hayo ni ya hisia, mtu aweza kusema. La, yako mengine ambayo ni ya uhai.

Mnamo Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanawake wa Kitanzania waliokwenda kufanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Walihojiwa wanawake 50. Wengi wao walisimulia jinsi pasipoti zao zilivyochukuliwa, na wengine simu zao pia. Chini ya utaratibu uitwao kafala, mfanyakazi hufungwa kwa mwajiri wake, na akikimbia huhesabiwa kuwa mkosaji. Si kila nyumba ya huko ni mbaya. Wako waliorudi na heshima na akiba. Lakini binti aliyenyang'anywa simu hawezi kujisaidia kwa simu. Awezaye kumsaidia ni yule aliyebaki nyumbani, ikiwa ana jina kamili la mwajiri, mji na mtaa wa nyumba, jina na namba ya wakala aliyempeleka, na nakala ya pasipoti. Mambo hayo mzazi akiyapeleka serikalini, Ubalozi wetu wa Muscat wajua pa kuanzia. Asipokuwa nayo, atasema nini? Atasema, "Yuko Uarabuni," na Uarabuni ni kukubwa.

Kwa hiyo twasema wazi kwamba binti asipande basi la kutoka Masasi kabla karatasi hiyo haijaandikwa kwa wino na kuwekwa kwa mjomba. Tena wapatane siku ya simu, na wapatane kwamba siku hiyo ikipita mara mbili pasipo simu, mjomba asingoje ya tatu. Na wakala anayesema kwamba karatasi hizo hazina haja, huyo ajulikane kuwa ni mtu wa kuogopwa.

Upande wa Ruvuma nako tumefunzwa. Daraja la Umoja pale Mtambaswala lilipofunguliwa mwaka 2010, watu walidhani kwamba habari baina ya kingo mbili hazitakatika tena. Mwezi Machi 2021 wapiganaji walipoushambulia mji wa Palma katika Cabo Delgado, simu za mji ule zilikatika, na walio upande wetu wakabaki wakipiga namba zisizoita, pasipo kujua nani amekimbilia msituni na nani amekufa.

Wala mitandao yetu wenyewe si ya kutegemewa kama jua. Mwezi Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadhoofika Tanzania na katika nchi za jirani. Na tangu tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Waliokuwa ng'ambo walisoma habari za nyumbani katika magazeti ya wageni, wasiweze kumwuliza mama kama ameamka salama. Waliozoea WhatsApp peke yake walijikuta hawana hata namba ya kawaida ya jirani, ya katekista, ya imamu, wala ya mtendaji wa kijiji. Simu ikiibiwa ni hali ile ile: namba zote zimo ndani yake, na kichwani hamna hata moja. Daftari la shule la kurasa chache, lenye namba nne au tano, halihitaji chaji.

Tuna neno jingine, nalo ni zito. Desturi yetu ni kwamba habari ya msiba hupelekwa na mtu kwa mtu. Mjumbe hufika, huketi, huomba maji, na mwenye kufiwa hujua kabla hajaambiwa, hata moyo ukajiandaa. Leo kijana yupo kazini London, afungua simu wakati wa chakula, aona picha ya mama yake imewekwa na binamu asiye na subira, na chini yake maneno ya kumwombea marehemu. Huo ni ukatili, hata kama mwenye kuufanya hakukusudia. Iwe ni sheria ya ukoo kwamba asitangaze mtu yeyote msiba katika kundi la simu mpaka mjomba aseme kwamba walio mbali wamekwisha ambiwa kwa sauti. Na ikiwezekana, apigiwe kwanza rafiki anayeishi karibu na msafiri, ili aende akaketi naye, kama mjumbe wa zamani.

Kadhalika msafiri na apige kwa mama mwenyewe, katika hiyo simu yake ndogo, hata kama gharama ni kubwa kidogo kuliko ya intaneti. Na aseme naye kwa Kimakonde, au Kimakua, au Kiyao, lugha aliyonyonya nayo. Akitaka kutuma ujumbe wa sauti kwa simu ya mpwa, auanze kwa kusema, "Huu ni wa bibi, mpelekee asikie." Mpwa naye auchukue ujumbe huo mpaka barazani, aufungue mbele ya wote, na arekodi jibu pale pale. Hapo tutakuwa tumerudisha lile baraza la barua, na safari hii kwa sauti ya mwenyewe.

Kuhusu saa, yafaa wapatane mapema. Saa mbili ya usiku Lulindi ni saa tatu ya usiku Muscat. London ni saa kumi na moja ya jioni wakati wa baridi yao, na saa kumi na mbili wakati wa kiangazi chao. Toronto ni saa sita au saa saba ya mchana. Mchana haufai, hasa katika miezi ya kuokota korosho, Oktoba hadi Desemba, kwa maana mama yuko shambani na simu ameiacha kibandani ikichajiwa, na huifuata jua likishatua.