"Ego" Siyo Kuelewa: Wazazi, Ingieni Darasani

Kuna swali ambalo mwalimu wa hapa Rumonge analiuliza mara nyingi kwa siku: "Mwatahuye?" Yaani, mmeelewa? Na darasa zima, mpaka wale wa benchi ya nyuma kabisa, linajibu kwa sauti moja: "Ego!" Mtoto wako naye anajibu. Pengine anajibu kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu hataki mwalimu amtazame. Sisi tunaoandika hapa tulijibu "ego" muda mrefu bila kuelewa hata nusu ya maneno yaliyosemwa. Tukirudi nyumbani mama anauliza shule iko namna gani, tunasema iko sawa. Mama anafurahi, anaendelea na kazi zake.

Tumeamua kusema haya kwa sababu tumechoka kusikia kwenye mikutano eti wazazi wakimbizi hawajali shule. Hapana. Wazazi wetu wanajali. Kuna mama kati yetu aliyeuza kitenge chake cha mwisho ili binti yake apate iniforme ya kaki. Shida ni kwamba wazazi wanaambiwa habari za iniforme, za kaye, za biki, za mchango, za saa ya kufika, za usafi wa kucha. Yale yanayotokea mlango ukishafungwa hawaambiwi. Nao, tuseme ukweli, hawaulizi.

Basi sisi tutasema. Tulikaa kwenye yale mabenchi, tunayajua.

Cha kwanza ni lugha, na tutakaa hapo kidogo. Shule ya msingi ya Burundi, ile wanayoiita fondamentale, tangu mwaka 2013 ina miaka 9. Siyo 6 kama ile ya primaire tuliyoiacha ng'ambo, Fizi na Uvira. Miaka ya mwanzo mwalimu anafundisha kwa Kirundi: hesabu kwa Kirundi, mazingira kwa Kirundi, hata kukaripia ni kwa Kirundi. Kutoka mwaka wa tano, Kifaransa kinachukua nafasi. Sasa angalia mtoto aliyevuka ziwa kutoka Baraka. Anaanza na lugha asiyoijua, anahangaika nayo miaka, siku anapoanza kuizoea wanambadilishia nyingine. Mtoto wa jirani mrundi naye anapata taabu ya Kifaransa, ni kweli, lakini yeye alianza akiwa amesimama kwenye ardhi ngumu. Wetu alianza ndani ya maji.

Chukua hesabu. Kuna mtoto tunayemjua, ana miaka kumi, anamsaidia shangazi yake kuuza ndagala. Mpe noti ya elfu tano, mwambie unachukua vikombe viwili, atakurudishia chenji kabla hujamaliza kukunja mfuko. Hakosei hata franka moja. Darasani mtoto huyohuyo alipewa sifuri. Swali lilikuwa saba mara nane. Jibu alikuwa nalo, hamsini na sita, alilijua toka Baraka. Lakini mwalimu alisema "indwi" na "umunani", na yeye akabaki anamtazama mdomo. Kwenye buletini imeandikwa kwamba hajui hesabu. Huo ni uongo uliopigwa muhuri.

Na hapo kwenye buletini tusimame. Wazazi, nani anawasomea buletini? Ni mtoto mwenyewe. Tunakiri hapa mbele ya watu: tulikuwa watafsiri wa makosa yetu wenyewe. Neno la Kifaransa linalosema umeanguka tulilisoma "amepita, lakini aongeze bidii". Baba akatununulia soda. Tunacheka leo, lakini yule aliyenywa ile soda alirudia mwaka mara mbili, halafu akaacha.

Sasa jambo linalotuuma kuliko yote. Mwalimu anajua Kiswahili! Huu ni mji wa Rumonge, siyo kilima cha mbali huko juu. Kiswahili ndicho lugha ya soko la hapa, ya bandari, ya msikitini, ya madereva wa barabara ya Bujumbura mpaka Nyanza-Lac. Jioni tunamwona mwalimu pwani anapunguza bei ya mukeke kwa Kiswahili safi, anacheka na wavuvi, anatania. Asubuhi anaingia darasani na Kiswahili kinabaki nje, kama viatu mlangoni. Dakika mbili tu za kusema "hili neno maana yake ni hii" zingemwokoa mtoto. Tulimuuliza mmoja wao kwa heshima kwa nini hafanyi hivyo. Alisema anaogopa mkaguzi ataona anavunja programu. Mwingine alisema hakujua kama kuna watoto wasioelewa, kwa sababu wote wanajibu "ego". Huyu wa pili alitufungua macho, na ndiyo maana tumeanza na hilo neno.

Tena programu yenyewe ina somo la Kiswahili. Lugha nne zinafundishwa: Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Ungedhani saa ya Kiswahili ikifika mtoto wetu ni mfalme. Wapi! Anasema "batoto banacheza", darasa linaangua kicheko, mwalimu anachora mstari mwekundu. Ni sawa asahihishwe, "watoto wanacheza" ajifunze, itamsaidia popote. Lakini kuna namna ya kumsahihisha mtoto ambaye kwa mara ya kwanza wiki nzima amethubutu kufungua mdomo. Akichekwa kwenye saa ile pia, saa gani imebaki yake?

Cha pili ni mwaka anaowekwa. Mtoto akifika bila karatasi, au na karatasi iliyolowa njiani, anapimwa kwa Kirundi. Anashindwa, bila shaka. Basi aliyekuwa mwaka wa tano anarudishwa wa pili. Tulikuwa na mwenzetu wa miaka 12 aliyekaa na watoto wa miaka 8, magoti yanagusa meza, wadogo wanamwita mzee. Baba yake alidhani ni mvivu akamchapa. Mwalimu alidhani ni mpole akamsifu kwa nidhamu, eti hapigi kelele. Mzazi, mtoto wako akisifiwa kwamba ni kimya sana, usishukuru haraka. Uliza.

Yule mwenzetu leo yuko ziwani. Na hapa tunawageukia nyinyi wazazi moja kwa moja, mtusamehe, sisi ni watoto wenu. Kila mtu wa pwani hii anajua kwamba ndagala huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika, kwa sababu taa haina nguvu mbele ya mwezi. Chukueni kitabu cha mahudhurio cha wavulana wakubwa mkilinganishe na mwezi. Mwezi ukijaa, darasa linajaa. Giza likirudi, benchi tupu, au mtoto yupo lakini kichwa kiko juu ya meza amelala. Mwalimu anaandika "yupo". Shirika linahesabu "yupo". Sisi tunajua alipokuwa usiku. Njaa tunaijua pia, hatutoi hotuba ya watu walioshiba. Lakini usimpeleke mtoto kwenye mtumbwi usiku halafu asubuhi umlaumu mwalimu. Na wasichana msidhani tumewasahau: siku ya soko la mawese ndiyo siku mdogo wake "anaumwa" na yeye anabaki kumlea.

Kuna wazazi wanatuambia: "Mimi sikusoma, nitaingia darasani kufanya nini? Mwalimu ndiye anajua." Mama, huhitaji kujua kusoma ili kuona mtoto wako anatazama ubao au anatazama dirisha. Huhitaji Kifaransa ili kuona wamekaa wangapi kwenye benchi moja, kama anaona vizuri kutoka pale alipo, kama kitabu kimoja kinasomwa na vichwa sita na cha kwako ni cha sita. Huhitaji diploma ili kujua kama shule yake inasoma kwa zamu, asubuhi kundi moja na mchana lingine. Kuna mzazi aliyeamini mtoto wake anasoma kutwa nzima, kumbe saa sita alikuwa nje, mchana wote yuko ufukweni.

Na nyinyi wa mashirika, mnaotusoma kwenye simu kati ya mkutano na mkutano. Tunashukuru kwa mabegi na sabuni. Lakini mnahesabu vichwa vilivyoingia getini, halafu mnaandika kwamba watoto wako shuleni. Wako shuleni, ndiyo. Wanasoma? Kambini watoto walikuwa na programu ya Congo, na walimu wengi walikuwa wakimbizi wenyewe. Sisi wa mjini tuko ndani ya shule za nchi, na hatusemi ni vibaya. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Burundi iliukubali mwaka 1963, unasema kwenye kifungu cha 22 kwamba mkimbizi apewe elimu ya msingi sawasawa na raia. Burundi ilifuta ada ya shule ya msingi mwaka 2005, na mtoto wetu anaingia kama mwingine. Hilo ni jema na tunalitambua. Ila "sawasawa" ni nini? Benchi moja, mwalimu mmoja, ubao mmoja, na mmoja anasikia maneno mwingine anasikia sauti tu. UNESCO iliandika mwaka 2016 kwamba watu mpaka 40 kwa 100 duniani hawapati elimu kwa lugha wanayoiongea au kuielewa. Kwa hiyo siyo siri ya Rumonge. Nyinyi mlishayasoma hayo kabla yetu.

Na wala Rumonge siyo mara yake ya kwanza. Kuanzia mwaka 2008 Warundi zaidi ya 50,000 walirudi kutoka Katumba, Mishamo na Ulyankulu, Tanzania, ambako wazazi wao walikimbilia mwaka 1972. Wengi walifikia ukanda huuhuu, Rumonge na Nyanza-Lac. Watoto wao walikuwa raia kamili, lakini walikuwa wamesoma kwa Kiswahili, na darasani walikaa kimya kama sisi. Baadhi yao leo ni majirani zetu, wana maduka, wana watoto. Kaeni nao muwaulize ilikuwaje. Wengine watawaonyesha kaka aliyeacha shule mwaka ule wa kwanza.

Wapo watakaosema tunataka kuwafungia watoto kwenye Kiswahili wasijue Kirundi. Hata kidogo. Kirundi tunakitaka, tena haraka. Bila Kirundi huna rafiki, huna kazi, huwezi hata kugombana vizuri sokoni. Sisi wenyewe tulikipata, tulikipata kwenye mpira na kwenye foleni ya maji kabla ya darasani. Tunachosema ni kwamba mtoto anafika lugha mpya akivushwa na ile aliyonayo. Hatupi mtumbwi wa zamani katikati ya ziwa.

Kwa hiyo tunadai vitu vinavyowezekana, visivyosubiri mradi. Mtoto mpya apimwe hesabu kwa lugha anayoijua, ndipo awekwe mwaka wake. Wakuu wa shule waseme wazi mbele ya walimu kwamba kueleza neno kwa Kiswahili siyo kosa, ili mwalimu asiogope mkaguzi. Mkutano wa wazazi uwe na mtu wa kutafsiri, na asiwe mtoto wa mzazi huyo. Buletini isomwe na mtu mzima, mwalimu na mzazi wakiwa wamekaa pamoja. Mashirika, mnalipa watafsiri kwenye mikutano yenu ya hoteli. Mmoja wa hao, siku moja kwa wiki, kwenye mwaka wa kwanza na wa pili wa shule moja, mjaribu muone.

Na mwalimu tusimfanye adui. Anasimama mbele ya darasa lililojaa kuliko soko, mshahara wake tunajua unaishia wapi, na hakuna aliyemfundisha kumpokea mtoto asiyejua lugha yake. Ukienda kwake, usiende na hasira tuliyoandika nayo hapa. Nenda umsalimu, "Mwaramutse mwalimu", umwambie: mtoto wangu hajui bado Kirundi, hata akisema ego. Naomba umuulize yeye peke yake, umwambie akueleze kwa maneno yake.

Shule zinafunguliwa Septemba. Sisi wachache tunaojua Kirundi na Kifaransa tumegawana mitaa. Mzazi yeyote anayetaka kwenda shuleni na anaogopa lugha, amwambie yeyote kati yetu anayemjua, tutamsindikiza, tutakaa naye benchi ya nyuma asubuhi moja, na tukitoka tutamwambia kila kitu kilichosemwa. Bila soda.